Mwili wa fundi usiwe kipimo cha kwanza: maneno kwa mafundi wa Kigoma kuhusu vumbi la risasi saiti

(Haya niliyasema mbele ya mafundi rangi, wachomeleaji, mafomeni na makontrakta wadogo waliokusanyika Mwanga, Kigoma mjini. Nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka, pamoja na swali moja la mwisho.)

Wazee wangu shikamooni, kaka zangu na dada zangu habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, najua siku ya fundi ikipita bila saiti nyumbani inaonekana, kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumzia madini ya risasi, yale yaliyomo kwenye rangi za zamani, kwenye vyuma vilivyopigwa rangi miaka hiyo, kwenye maungio ya mabomba ya chuma ya zamani ambayo mafundi walikuwa wanayeyusha risasi wanaimwaga pale bomba linapokutana na bomba. Na zaidi ya hapo nataka tuzungumze namna ya kujua fundi anavuta kiasi gani akiwa kazini, maana kusema "ina madhara" kila mtu anasema, ila ukimuuliza kiasi gani, kwa nani, kwenye kazi ipi, hapo wote kimya.

Sasa hivi tunajuaje? Tunajua fundi akishaumwa. Anaanza kichwa, viungo vinauma, usingizi hamna, anakuwa mkali nyumbani bila sababu, tumbo linakaza, choo hakipatikani siku nne siku tano, anaenda zahanati anaambiwa malaria, akirudi anaambiwa taifodi, anameza dawa anapata nafuu kidogo kwa sababu wiki hiyo hakwenda kazini, akirudi kazini linarudi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza baba wewe kazi yako nini. Mwingine presha inapanda, figo zinachoka, mwingine yeye na mkewe wanatafuta mtoto hawapati au mimba zinatoka. Ukifika hapo ndio umepima, ila umepimia mwili wa mtu, na hicho ndicho ninachokipinga leo kwa nguvu zangu zote. Kipimo cha kwanza kinatakiwa kiwe kwenye rangi, cha pili kwenye hewa, mikono na nguo navyo viangaliwe, damu ije mwisho kama mlinzi wa kuhakikisha kwamba hivyo vingine vimefanya kazi.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya, sisi Kigoma tunahusika wapi. Tunahusika sana. Reli ya kati ilifika Tabora 1912, ikafika hapa Kigoma 1914, na pamoja nayo zikaja stesheni, karakana, nyumba za maofisa, madaraja ya chuma, matangi ya maji, kreni za bandarini, na meli ambayo wote tunaijua, Liemba, ilijengwa Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapa hapa. Enzi hizo chuma kikitakiwa kisipate kutu, dunia nzima walitumia rangi nyekundu ya risasi kama rangi ya chini, na mbao na kuta rangi nyeupe ya risasi ilikuwa ndio rangi ya heshima. Na kuna kitu wengi hawakijui. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 13 wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo kwa ajili ya kuwalinda wapaka rangi, lakini mkataba wenyewe ukaacha nafasi, stesheni za reli na majengo ya viwanda yanaweza kuendelea nayo kama mamlaka za nchi zikiona ni lazima. Stesheni za reli! Sasa sisi watu wa Kigoma na Tabora miji yetu imekua kuzunguka reli, na siku hizi ndio tunaambiwa karabati hili, kwangua lile, bomoa tujenge jipya.

Sisemi jengo fulani lina risasi na jengo fulani halina. Hilo haliwezi kusemwa kwa macho, na hapo ndipo mafundi wazoefu wanapojiponza, mtu anasema mi rangi naijua, huu mwaka wa ishirini na tano, hii ni redioksaidi ya kawaida. Redioksaidi ya kawaida ni ya chuma, ile ya risasi nayo ni nyekundu inayoelekea chungwa, zikishakaa miaka sitini chini ya tabaka nane za rangi nyingine, mafuta na masizi, nani atazitofautisha? Kwa hiyo kabla brashi ya waya haijagusa ukuta, kipande cha rangi kikatwe mpaka chini kabisa kwenye mbao au chuma, tabaka zote, maana risasi mara nyingi iko kwenye tabaka za chini, ukikwangua ya juu tu unapata jibu la uongo. Kipelekwe maabara kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuna na mashine ya mkononi ya eksirei inayosoma ukutani papo hapo, ukiipata vizuri. Marekani wao rangi wanaihesabu kuwa ya risasi ikifika asilimia 0.5 ya uzito, au miligramu 1 kwa kila sentimita ya mraba, lakini hapo niwatahadharishe, hiyo ni mipaka ya nyumba za kuishi, kwa fundi anayesaga na grinda hata rangi yenye kiasi cha chini ya hapo inaweza kujaza hewa kupita kiwango. Kwa mfanyakazi swali linabaki ni kiasi gani kinaingia puani, si kiasi gani kipo ukutani.

Na kinachoingia puani kinategemea kazi, hili ndilo naomba mlibebe hata kama mengine mtasahau. Ukuta ule ule, rangi ile ile, mafundi wawili, mmoja analoweka maji anakwangua taratibu na kikwanguo, mwingine kaweka disku kwenye grinda anasaga pakavu, hawa hawako kwenye hatari moja hata kidogo. Wamarekani walipotunga kanuni yao ya risasi kwenye ujenzi mwaka 1993 walifanya jambo la busara sana. Walisema mpaka mwajiri apime, kazi fulani fulani zichukuliwe kuwa ni chafu, na mfanyakazi alindwe hivyo hivyo kuanzia dakika ya kwanza. Kukwangua kwa mkono, kupiga msasa kwa mkono, kutumia mashine ya kusaga yenye mfuko wa kuvuta vumbi, hizo chukulia hewa imepita kiwango mpaka mara kumi. Mashine ya kusaga isiyovuta vumbi, kuunga risasi kwa risasi kwa moto, kufagia takataka kavu za mchanga uliopigia chuma, chukulia mara kumi mpaka hamsini. Halafu kuna kupiga mchanga kwa kompresa, kuchomelea na kukata kwa gesi chuma chenye rangi ya risasi, hapo chukulia zaidi ya mara hamsini. Mara hamsini jamani! Na kiwango chenyewe ni mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa nane, mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni, yaani haionekani, haina harufu ya kukushtua, haikoholeshi.

Wachomeleaji mnisikilize hapa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na moto wa oksijeni na asetilini unapita nyuzi 3000. Ukikata boriti la zamani lenye rangi ya zamani, ile rangi haiungui ikaisha, inageuka moshi mwembamba sana unaoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kupita moja kwa moja kwenye damu. Kukwangua ile rangi sehemu unayotaka kukata, upana wa kama inchi nne kila upande, kwa maji au kwa dawa ya kulainishia, kabla ya kuwasha gesi, kunapunguza sana. Ni dakika chache. Nimeona vyuma vinakatwa hapa mjini bila hata mtu kufikiria hilo, na anayekata ni kijana wa miaka kumi na tisa kavaa miwani ya jua.

Haya, kupima hewa kwenyewe. Kifaa ni pampu ndogo ya betri inafungwa kwenye mkanda, ina mpira unapanda begani, mwisho wake kikasha chenye filta kinabanwa kwenye kola, karibu na pua na mdomo, isizidi kama sentimita thelathini. Pampu inavuta hewa kama lita 2 kwa dakika zamu nzima. Niliwahi kuonyeshwa ripoti ya saiti moja, siitaji, ilisema hewa safi kabisa, kuja kuuliza pampu iliwekwa juu ya meza ya stoo ya simenti wakati mafundi wako juu ya jukwaa upande wa pili wanasaga. Hiyo ni sawa na mtu anayetega nyavu ufukweni Kibirizi wakati dagaa wako kilindini halafu anatangaza mwaka huu ziwa halina samaki. Pampu ivaliwe na mtu, na mtu mwenyewe awe yule unayeamini anakula vumbi kuliko wote, siyo fomeni, siyo yule mpole asiyekataa kuvalishwa vitu. Akiwa yule mchafu kuliko wote yuko chini ya kiwango, basi kuhusu wenzake wa kazi ile ile unaweza kushusha pumzi. Kila aina ya kazi na kila zamu iwe na mtu wake.

Hesabu yake si ngumu na mi nataka kila fomeni aijue ili asidanganywe na karatasi. Lita 2 kwa dakika kwa saa 8, yaani dakika 480, ni lita 960. Maabara wakisema filta ina mikrogramu 96, gawanya kwa mita za ujazo 0.96 unapata 100. Mara mbili ya kiwango. Au pima kazi kwa kazi: fundi kasaga saa mbili hewa ikiwa 400, saa sita zilizobaki alikuwa anapaka rangi mpya hewa ikiwa 10, zidisha kila moja kwa saa zake, 800 na 60, jumla 860, gawanya kwa 8 unapata 107.5. Mnaona? Saa mbili tu zimeharibu siku nzima. Ndio maana mtu akikuambia "kusaga kwenyewe kidogo tu" mwambie leta kalamu.

Na hizo saa nane ni za nani? Hapa kwetu saiti inaanza saa moja asubuhi mpaka jua linaegemea Kongo. Kanuni ile ile ya Marekani inasema zamu ikizidi saa nane kiwango kishuke, unachukua 400 unagawanya kwa saa alizofanya, akifanya kumi kiwango chake ni 40. Tena hiyo 50 yenyewe siyo namba ya kulalia. California kuanzia Januari 2025 wameishusha mpaka 10, na kiwango cha kuanza kuchukua hatua wakakiweka 2, kwa sababu utafiti wa miaka yote hii umeonyesha watu wanaumia chini kabisa ya pale walipodhaniwa wako salama. Kwa hiyo ripoti ikikuambia 45, usipige makofi.

Mambo mengine ya upimaji nayapitia haraka: pampu ihakikiwe mwendo wake kabla na baada, filta moja isiyotumika ipelekwe maabara pamoja na nyingine ili ijulikane kama uchafu haukuingia njiani, na mpimaji abaki saiti siku nzima anaandika fundi alifanya nini saa ngapi, upepo ulikuwaje, maji yalitumika au hayakutumika. Ripoti yenye namba bila hayo maelezo haimsaidii mtu.

Lakini hewa peke yake haitoshi, na hapa ndipo nawageukia akina mama ntilie wetu maana wanahusika bila kujua. Chakula kinaletwa saiti saa saba, ugali wa muhogo na migebuka, watu wana njaa, mikono inafutwa kwenye suruali wanaanza kula. Ugali unaliwa kwa mkono, unaukanda tonge kwenye kiganja, kila kilichopo kiganjani kinaingia tumboni. Anayevuta sigara hivyo hivyo. Unaweza ukapima hewa ukakuta iko chini na damu ya watu ikaja juu, na jibu liko kwenye vidole. Kwa hiyo pima na mikono na meza ya kulia, kuna vitambaa maalum vinapangusiwa sehemu iliyopimwa ukubwa wake vinakwenda maabara, na hata kabla ya vitambaa weka ndoo yenye koki, sabuni, na sehemu ya kulia mbali na vumbi, upande upepo unakotokea. Sabuni ya mche haihitaji kusubiri majibu ya maabara.

Na ovaroli isiende nyumbani. Mtoto anamkimbilia baba yake mlangoni, anakumbatia suruali ile, anaweka vidole mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo unafyonza risasi kuliko wa mtu mzima, unaipeleka kwenye ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kule Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, watu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu yenye risasi majumbani mwao, watoto zaidi ya 400 wakafa. Haikuwa ujenzi, lakini njia ni ile ile, vumbi la kazi ya mkubwa kwenye sakafu ya mtoto. Na hapo hapo niwaambie wale wanaoyeyusha betri kuukuu za gari kutengeneza chubwi za nyavu uani, hilo nalo ni lile lile, tena baya zaidi.

Kuhusu damu. Majibu yanakuja kwa mikrogramu kwa desilita. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 linasema mtu akikutwa na 5 au zaidi chanzo kitafutwe na kikatwe. Risasi kwenye damu inapungua nusu kwa kama mwezi mmoja, lakini nyingi haijatoka mwilini, imehamia kwenye mifupa, kwa mtu mzima zaidi ya asilimia tisini ya risasi yake iko huko, inakaa miaka na miaka inarudi polepole. Kwa hiyo fundi aliyeacha kazi muda mrefu akipimwa damu ikaja ndogo, msimwambie alikuwa anajifanya mgonjwa. Mpime kabla hajaanza kazi, halafu kila miezi miwili kwa nusu mwaka wa kwanza, ndivyo wanavyofanya wenzetu kwa wanaofanya kazi chafu. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nayo inamtaka mwajiri afanye uchunguzi wa afya kabla ya ajira na wakati wa ajira, na wapimaji wa OSHA yetu, yaani wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wapo, wanaitwa wanakuja. Tena mjue Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, si wa ajali tu, na magonjwa ya kazini yamo, lakini fundi atathibitishaje kama hakuna karatasi hata moja inayosema hewa aliyoivuta ilikuwaje? Hiyo ripoti ya hewa ndio shahidi wake. Ndio maana majibu yasifungiwe kabatini kwa bosi, kila aliyepimwa apewe yake kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi.

Mtaniuliza mbona namsumbua mwajiri kuliko fundi. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Thomas Legge, mkaguzi wa kwanza wa afya wa viwanda kule kwao kuanzia 1898, kazi yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya risasi. Alifika mahali akasema mpaka mwajiri awe amefanya kila kitu, na kila kitu maana yake ni mengi, mfanyakazi hana karibu chochote anachoweza kufanya kujilinda. Mwaka 1926 serikali yake ilipokataa kuridhia ule mkataba wa 1921, akaacha kazi. Mi namheshimu sana mtu yule. Maana ni rahisi mno kumlaumu fundi kwamba hakuvaa maski, wakati maski yenyewe aliyopewa ni ya kitambaa, haizuii vumbi la risasi, na hata ile nzuri ya nusu uso yenye filta za P100, zile za kuzuia vumbi laini kabisa, inatosha mpaka mara kumi ya kiwango tu, anayepiga mchanga au kukata kwa gesi imeshamzidi. Anza na maji, anza na mashine inayovuta vumbi, maski ije juu ya hayo.

Swali lililoulizwa mwishoni lilikuwa la fomeni mmoja, kauliza vizuri sana, akasema sisi kazi zetu ni za siku mbili siku tatu, mlango wa stesheni, geti, paa la karakana, mpaka majibu ya maabara yarudi tumeshahamia Kasulu, sasa kupima kuna faida gani? Nikamjibu kazi fupi ndizo zinazohitaji ile kanuni ya kuchukulia kwamba ipo. Hujapima, basi fanya kama umepima ukakuta mbaya: lowesha, funga eneo kwa turubai, usifagie pakavu, watu wanaohusika tu ndani, maski sahihi, ndoo na sabuni, ovaroli ibaki saiti. Halafu vaa pampu siku hiyo hiyo. Majibu yakirudi mmeshahama hayajapotea, yanatumika kwenye kazi inayofuata ya aina ile ile, mradi iwe ndani ya miezi kumi na miwili, rangi ya aina moja, kifaa kile kile, watu wenye ujuzi ule ule, na mazingira yanayofanana. Kwa hiyo nunua daftari la kaunta, kila kazi andika tarehe, mahali, rangi iliyokutwa na majibu yake, kifaa, maji yalitumika au hapana, ndani au nje, nani alivaa pampu, saa ngapi mpaka ngapi, namba iliyotoka. Mafomeni wawili watatu wakiamua kuandika kwa mtindo mmoja na kuonyeshana, wa Gungu akapata kazi ya geti wiki ijayo, atafungua daftari la mwenzake wa Katonga ajue kabla ya kuwasha grinda. Akaniuliza daftari likae kwa nani. Nikasema likae saiti, mahali kila fundi anaweza kulifungua.